Hesabu ya Croix Tatu

Komanda, tarehe 17 Januari 2010

Mama Annie,

Salamu kutoka hapa. Nakuandikia sababu réseau inakatika, na tena maneno haya si ya simu. Nampa Assani, dereva wa lori ya muchele, akufikishie mukononi.

Baraza ya familia ilikaa jana kwa baba mukubwa, Muzee Ambroise. Unajua kamati ya kanisa inataka familia ishuhudie kwamba hakuna neno kati yetu mbele ya ndoa kubarikiwa siku ya Pasaka. Muzee alikuwa amesikia juu ya yale malengelenge uliyoyapata chini mwezi wa kumi na mbili. Mbele ya Noeli alinitaka nimuletee makaratasi ya labo, yako na yangu. Nisamehe, niliyachukua kwenye kabati yako nilipokuja kwa Noeli.

Muzee aliuza dawa miaka ishirini, zile alama za kujumlisha, croix, anazijua. Alisoma mbele ya wote: herpès, Pétronille, croix tatu. Herpès, Josaphat, croix moja. Akasema ni kama malaria. Croix moja ni ugonjwa unaanza, croix tatu ni ugonjwa umekaa. Pale umekaa ndipo ulitoka. Na mimi sijapata hata upele mumoja maisha yangu yote. Walinitazama, nikanyamaza.

Wameamua ufunge depo yako ya maharagi, uje kukaa Komanda chini ya macho ya familia. Kisha Jumamosi moja mbele ya Pasaka upige magoti mbele ya baraza, uombe musamaha. Mambo yanaisha, tunabarikiwa, na jina langu linabaki kati ya wale watasimikwa mashemasi. Ukikataa, watakurudisha kwa baba yako Butembo.

Mimi sijasema umefanya kitu. Nasema tu tumalize.

Bwana yako,
Josaphat


Bunia, tarehe 20 Januari 2010

Baba Annie,

Barua nimeipata. Sikuite kwa simu, sababu simu yako munaiweka haut-parleur, inasema kwa wote, na dada zako wanaizunguka kama redio. Hii isome kwanza peke yako.

Unasema hujasema nimefanya kitu. Ni kweli, ulinyamaza. Weye unayebishana na kila askari wa barrière ya barabarani toka Komanda mpaka Irumu, siku moja tu ulikosa sauti, na ni siku ile niliihitaji.

Kwanza, magoti yangu. Nilifika Bunia mwaka wa 2004 na beseni moja ya maharagi kichwani. Risasi zikilia, watu wanakimbia, mimi napiga magoti sokoni kuokota maharagi yangu kwenye matope. Siku hizo nilipiga magoti ya kutosha. Sasa lori zinasimama mbele ya mulango wangu. Depo siifungi.

Pili, najua wanasema nini: mwanamuke analala kwa malojima, zile nyumba za wageni, za Aru na Mahagi. Ndiyo, nalala. Nalala juu ya mifuko yangu nisiibiwe, na asubuhi mugongo unaniuma kama muzee. Kama hiyo ndiyo starehe, nawaachia.

Tatu, hizo croix. Ni nani hapa Ituri hajaandikiwa typhoïde croix mbili? Unaenda labo na jino, unatoka na typhoïde croix mbili. Muzee Ambroise mwenyewe alikuwa nayo mwaka jana, akanywa vidonge, na hakuna mutu alimuuliza alikula kwa nani.

Malaria wanatafuta kidudu chenyewe ndani ya damu, wanakiona, wanakadiria wingi. Hii ya herpès wanaona nini? Sijui. Muzee pia hajui, lakini kati yetu wawili ni mimi peke yangu ninayesema sijui. Mimi ni muuzaji. Mizani ikinipa kilo ambazo siamini, siwezi kugombana na mufuko. Nabeba mufuko ule ule kwa mizani ingine. Nitafanya vile.

Na fikiri hili ukiwa njiani: kama hujawahi kupata upele, ile croix yako moja ilitoka wapi?

Bibi yako, ambaye hajaondoka,
Pétronille


Komanda, tarehe 24 Januari 2010

Wifi Pétronille,

Ni Émilienne. Josaphat hakutusomea barua yako, nimeichukua mufukoni mwa koti nikifua. Ati redio! Siye ambao tulikupikia ukiwa na mutoto muchanga, leo tumekuwa watu wa kuzunguka simu?

Sina masomo mengi lakini iko kitu kimoja najua. Mwili wa mwanamuke ametulia, labo haipate kitu ndani yake. Mimi ni mujane tangu mwaka wa 2003. Naimba kwaya, narudi kwangu, nafunga mulango. Wapime damu yangu uone watapata croix ngapi. Usitukane mizani sababu umekamatwa.

Mudogo wangu anakonda. Shati zake zinamupepea. Piga hayo magoti, mama, ni dakika tano.

Émilienne


Bunia, tarehe 26 Januari 2010

Yaya Émilienne, dada mukubwa,

Umesema wapime damu yako. Nimekubali. Assani anapakia Jumatatu, kiti cha mbele nimekuwekea. Utalala kwangu, utakula samaki ya Ziwa Albert, na asubuhi tunaenda wawili labo ile ile iliyoniandikia croix tatu. Ukitoka bila kitu, narudi nawe Komanda na magoti yangu.

Ukiogopa, baki, lakini basi unyamaze.

Pétronille


Komanda, tarehe 6 Februari 2010

Pétronille mudogo wangu,

Nilifika salama. Barrière ya kwanza walifungua hata sufuria yangu.

Toka siku ile sijalala vizuri. Ile karatasi nimeichoma jikoni, lakini bado naiona: Émilienne, croix tatu. Yule kijana wa labo alinitazama chini mpaka juu, akaniuliza kama bwana yangu pia atakuja. Bwana yangu! Nilitaka nimwambie aende kumuita kwenye kaburi.

Ulinipeleka kwa Docteur Espérance, akanieleza, na nilielewa. Vile vidonda vinatoka mudomoni nikipata homa, ninavyo tangu nikiwa mutoto, mama yetu pia alikuwa navyo. Ile kipimo inaviona navyo pia. Nilielewa kabisa. Lakini hapa Komanda ni nani atangoja maelezo? Watasikia croix tatu, watakamata idadi, watatafuta wanaume watatu.

Nakuomba, usiseme kwa mutu. Hata kwa Josaphat. Niliwaambia hapa kwamba foleni ilikuwa ndefu, mimi sikupimwa. Najua ni uongo, na najua weye ndiye unaulipa. Nipe muda.

Wifi yako,
Émilienne


Bunia, tarehe 10 Februari 2010

Baba Annie,

Annie ni muzima, anakusalimia, amevunja sahani.

Nilisema nitapima mufuko kwa mizani zingine, nimefanya. Nilitoa damu kwa labo tatu, asubuhi moja, mukono mumoja. Ile ya kwanza iliandika tena croix tatu. Ya pili ikaandika croix moja, sawa na yako. Ya tatu ikaandika négatif. Basi kwa hesabu ya Muzee, siku ile saa mbili nilikuwa malaya wa zamani, saa tatu nikawa ninayeanza, na saa nne nikawa bikira.

Yaya Émilienne alitembea nami. Muulize kama nadanganya juu ya damu yangu. Zaidi ya hapo usimuulize kitu, amechoka na safari.

Nimemuona Docteur Espérance. Andika haya kichwani, sababu nililipia kila neno. Herpès iko aina mbili. Ya kwanza ni ya vidonda vya mudomo, watu wazima karibu wote wanayo, waliipata utotoni kwa kubusiwa na mashangazi. Ya pili ndiyo ya huku chini zaidi. Hizi test za haraka za mujini hazitenganishe. Hazioni kidudu, zinaona tu kama mwili umewahi kuandaa ulinzi wake. Na croix ni rangi: mustari ukikoza, kijana anaandika tatu, ukififia, anaandika moja, akiwa na haraka, hata hauoni. Umri wa ugonjwa haumo. Jina la mutu aliyeuleta halimo.

Tena, mwenye kupima mapema, mbele ya miezi mitatu, anaweza kuambiwa hana na kumbe anao. Na malengelenge ya kwanza yanaweza kutoka leo kwa ugonjwa ulioingia miaka mingi nyuma.

Sasa kaa chini. Docteur anasema katika watu kumi wenye aina ya pili, kama nane hawajijue. Hawawashwe, hawaumwe, wanapita safi kama weye. Na wanaambukiza, hata siku ambayo ngozi haina alama. Kwa hiyo "sijapata hata upele" haikutoe kati ya wale wenye nao, na malengelenge yangu hayanishitaki.

Iko labo Kampala inatenganisha aina mbili, na inaandika namba, si croix. Hata ile inakosea wakati mwingine, zaidi namba ikiwa ya chini kabisa, ndipo wanarudilia. Docteur anatuma damu kule na watu wake. Yangu tayari. Inabaki yako. Barabara ilifungwa juzi, wanasema watu wanakimbia tena upande wa kusini, lakini askari wa Umoja wa Mataifa, MONUC, wamepita na lori zinatembea.

Njoo utoe mukono. Hilo tu ndilo nakuomba.

Pétronille


Komanda, tarehe 14 Machi 2010

Mama Annie,

Ijumaa, docteur alipotusomea majibu ya Kampala, niliondoka kwake bila kukuaga. Miguu yenyewe ilinibeba mpaka parking. Nisamehe.

Kwa hiyo siye wawili tunayo ile ya pili. Weye namba 4,6 na mimi 9,1. Docteur alisema mara mbili kwamba kwa namba za juu namna ile hakuna wasiwasi kwamba tunayo, lakini namba haisemi umri, wala nani alitangulia. Nilisikia, mimi si kiziwi. Lakini Muzee Ambroise hatasikia vile. Mutu aliyehesabu tatu na moja, ukimupa tisa na nne atafanya nini?

Nimefikiri njiani mpaka Komanda. Naomba tufiche karatasi ya Kampala. Weye uje, upige magoti, dakika tano, mimi nitakubeba maisha yangu yote. Jina langu likitoka kati ya mashemasi, hapa nitakuwa mutu wa kuonyeshwa na kidole. Weye uko Bunia, uko mugumu, maneno hayakufikie.

Na docteur mwenyewe alisema hakuna karatasi duniani inaweza kujua ni nani. Kama hakuna anayejua, kuna ubaya gani tukisema ni weye?

Josaphat


Bunia, tarehe 16 Machi 2010

Josaphat,

Nimesoma ule mustari wako wa mwisho nikiwa nimesimama, kisha nikakaa juu ya mufuko, nikausoma tena. Karatasi imeshindwa kusema ni nani, basi unataka magoti yangu yaseme.

Unasema niko mugumu. Ugumu wangu si godoro la kulalia watu wengine.

Sikiliza hesabu. Mbele ya kunioa ulichimba dhahabu Bambu miaka miwili, na haukuishi kule kama padri. Mimi pia mbele yako nilikuwa na mutu mumoja Butembo, nilikuambia mwenyewe, siku ya kwanza. Kila mumoja wetu angeweza kuja nayo ndani ya nyumba bila kujua. Yule wako wa Bambu pengine hakujua. Yule wangu pengine hakujua. Hapo ndipo kujua kunakoma, na mimi nakubali kusimama hapo. Ni pahali pabaya pa kusimama, lakini ni pa kweli.

Tena ona. Karatasi ya Kampala niko nayo hapa. Naweza kumupa Assani kesho, aipeleke kwa Muzee. Tisa kwa nne! Kabla ya chakula cha mangaribi weye ndiye utakuwa umepiga magoti. Unadhani sikuonja utamu wake? Nilionja. Lakini ni mizani ile ile mbovu. Mwezi wa kwanza iliniibia, leo inanizidishia. Muuzaji anayeinyamazia siku inamupa faida hawezi kuilalamikia siku inamuibia.

Kwa hiyo utasema weye. Jumamosi, mbele ya baraza: siye wote wawili tunao, hatukuiba, hakuna anayejua nani alianza, na Pétronille hapige magoti. Ukinyamaza mara ya pili, usitume watu kunirudisha Butembo. Nitabaki hapa na Annie, na mulango wangu utaufahamu kwa nje.

Pétronille


Komanda, tarehe 21 Machi 2010

Mama Annie,

Nimesema.

Nilisema yote. Kisha Muzee akaomba namba. Nilikataa. Akaniuliza kama mutu anayetaka kuwa shemasi anaficha kitu. Nikazitaja. Maneno ya docteur nilianza kuyaeleza, lakini tayari alikuwa anageuka kwa wengine na vidole vimenyooka, anawaonyesha tisa.

Wamenitoa kwa mashemasi. Yaya Émilienne alilia. Niko nalala ndani ya lori ya Assani. Sijui kama niko na haki ya kuja Bunia, sikuombe.

Josaphat


Komanda, tarehe 22 Machi 2010

Kwa Mama Annie, bibi wa mwana wetu,

Amani ya Bwana. Mimi Ambroise, kwa jina la familia. Baraza ilipata namba za Kampala na imehesabu upya. Tumeona kosa liko kwa Josaphat, mwenye namba kubwa. Weye umetoka safi. Maneno tuliyoyatuma mwezi wa kwanza tunayaondoa.

Jumamosi Josaphat atapiga magoti mbele yako. Ukitaka kubaki naye, ni wema wako. Ukitaka kuondoka, utaondoka na heshima yako na mutoto, hakuna atakayekufuata. Siye hatupendelee mwana wetu. Hesabu ni hesabu.

Muzee Ambroise


Bunia, tarehe 25 Machi 2010

Baba mukubwa Ambroise,

Shikamoo yangu ya heshima. Barua yako imefika, na nakushukuru umenikumbuka. Lakini musamaha wenu naurudisha na lori hii hii.

Sikutoka safi, sababu sikuwa nimechafuka. Na Josaphat hakuchafuka sababu ya tisa. Muzee, uliuza dawa miaka ishirini, watu wa Komanda wako hai sababu yako, na mimi siandiki kukudharau. Lakini ile namba inapima nguvu ya ulinzi wa mwili, haipime umri wa dhambi. Mulinihukumu kwa tatu, mulikosea. Mukinifungua kwa nne munakosea vile vile, ila sasa munanikosea kwa upole.

Hesabu ni hesabu, umeandika. Mimi naishi kwa hesabu, toka asubuhi mpaka nafunga. Kwa hiyo nakuambia: kuna hesabu ambayo jibu lake ni "haijulikane", na mutu mwaminifu anaandika vile na anafunga daftari.

Josaphat hatapiga magoti. Yuko hapa. Nilimutumia Assani, nikasema asilale tena ndani ya lori kama tairi. Amefika jana, anapakua mifuko, anapakua vibaya. Dawa iko, docteur ametueleza la kufanya siku malengelenge yakitoka na siku nitapata mimba ingine. Hayo ni ya chumba chetu, si ya baraza.

Jumamosi tutakuja wawili, na tutakaa kiti kimoja. Mutu akiuliza nani alianza, nitamuomba anyooshe mukono wake apimwe kwanza. Pale ndani ya baraza yenu kuna mutu wa maisha matulivu ambaye labo ya Bunia ilimuandikia croix tatu, sawa na zangu. Jina lake sitalisema hata mukinifungia nje ya kanisa. Nasema tu mujue kwamba mulikuwa mumekaa karibu na croix tatu siku zote, munakula naye, munaimba naye, na hakuna aliyeanguka.

Kama kamati haitubariki Pasaka hii, tutabaki jinsi tulivyo, bwana na bibi, na maharagi yatauzwa.

Mukamwana wenu,
Pétronille


Komanda, tarehe 26 Machi 2010

Pétronille,

Nakuandikia haraka, Assani anapiga honi. Uipate mbele ya kupanda lori kesho.

Muzee aliita watu leo, akasoma barua yako kwa sauti, yote, hata pale pa tairi. Alipofika kwa yule mutu wa croix tatu, akasimama, akavua miwani, akauliza: ni nani? Watu wakaanza kutazamana. Mama Vahwere wa kwaya akatazama binti yake. Binti yake akaanza kulia, na yule mutoto hajawahi hata kukanyaga Bunia.

Nikasimama. Nikasema ni mimi.

Niliona macho yao yanatembea, kutoka kwa mwalimu wa kwaya mpaka kwa jirani yangu, mpaka kwa muchungaji. Walikuwa wanahesabu, Pétronille. Nikawaambia: hesabuni kwa sauti, nami nisikie.

Wakakunja vidole vyao. Muzee ameketi mpaka sasa, barua iko juu ya magoti yake.

Njoo kesho. Nimekuwekea kiti karibu yangu.

Émilienne